Lukwale Haipo Kwenye Picha

Mimi kazi yangu ni majina. Watu wakinikuta sokoni huniuliza, "Tulinagwe, kesho mvua vipi?" nami huwaambia mvua wamuulize Hamidu, yeye ndiye anayesimama mbele ya kamera na suti yake. Mimi nakaa nyuma ya kioo, kwenye chumba cha mitambo cha Televisheni ya Bonde, naamua jina la kila mahali likae wapi kwenye ramani ya rada, kwa herufi za ukubwa gani, juu ya rangi gani. Shemeji yangu aliwahi kusema hiyo si kazi ya mtu mwenye akili zake. Nilimtazama tu mpaka akaomba maji ya kunywa.

Siku hiyo ya Machi, saa tisa alasiri, mvua ilikuwa imefunga milima yote ya magharibi. Hamidu Lipukila alikuwa hewani tangu saa saba, amelegeza tai, sauti imeanza kukwaruza. Rangi nyekundu ilikuwa ikiteremka kwenye skrini kufuata mto Luhimbi, na kila ilipogusa nukta ya jina, jina lile liliwaka, na huko bondeni ving'ora vililia, na mabasi meupe yasiyo na dereva yakatoka kituoni Itongwa kwenda kuwachukua watu. Vijiji sita vilikuwa vimekwisha kuitwa. Kila kitu kilikwenda sawa, na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa nakula karanga.

Simu ya mezani ikalia.

"Televisheni ya Bonde, sema haraka tafadhali."

"Mwanangu, habari za kazi."

Sauti ya mtu mzima. Nikatema maganda. "Shikamoo mama."

"Marahaba. Mimi Stamili Likangaga, mwenyekiti wa kitongoji cha Lukwale. Wenzetu wa ng'ambo wameitwa, king'ora chao tumekisikia mpaka huku. Mabasi yao tumeyaona kwa macho yakipanda mlimani. Sisi mbona hatujaitwa?"

"Mtaitwa, mama. Nyekundu ikiwafikia mtaitwa."

"Imetufikia. Naitazama hapa kwenye simu, imenikalia utosini. Mto umeshaingia kwenye mahindi."

Simu za namna hiyo nilizizoea. Kila masika watu hupiga, huyu anataka jina la kijiji chake lisogezwe juu kidogo, yule anadai nyekundu yetu ni ya uongo. Nikafungua orodha. Namba thelathini na tatu: Lukwale, wakazi mia sita na kumi na wawili, tiki ya kijani pembeni.

"Mama, mpo. Nawaona hapa, mpo."

"Usinisomee karatasi, mwanangu. Tazama picha."

Nikainua macho kwenye skrini kubwa. Nikatafuta kando ya mto, mashariki ya Itongwa, mahali ambapo Lukwale ilipaswa kuwa. Palikuwa na wekundu mtupu. Jina halikuwepo, nukta haikuwepo. Kilichokuwepo ni mkia wa jina la Itongwa, mnene, mweupe, umelala juu yao.

Nikasukuma karanga kando.

*

Inabidi niseme kuhusu Mwitaji, maana bila hilo mtu atauliza kwa nini sikupiga simu kituo cha mabasi nikaomba mawili tu.

Zamani, kabla sijaajiriwa, tahadhari zilipita kwa wakubwa kwanza. Mwaka wa mafuriko makubwa ilikuja kujulikana kwamba ofisa mmoja alipata habari saa tatu nzima kabla ya wananchi, akatuma magari ya uokoaji kwa wakwe zake na jokofu lao. Watu waliandamana miezi miwili. Ndipo ikatungwa Sheria ya Picha Moja: serikali na mwananchi wataona picha ileile, kwa wakati uleule, na mashine inayotuma mabasi itatazama picha hiyo hiyo ya televisheni na si kitu kingine. Mashine ndiyo Mwitaji. Haina simu, haina masikio, haisomi mwandiko wa mkono. Waziri hawezi kuiagiza. Inatazama ramani yetu kama bibi yangu anavyoitazama, na nyekundu ikigusa nukta ya jina, inaita jina hilo.

Na kwa kuwa binadamu hatukosi ujanja, watu wakaanza kugombania majina. Kwa hiyo mpangilio wa ramani hufungwa mwezi wa Novemba, kabla ya mvua, mbele ya mashahidi, na haufunguliwi mpaka Juni. Ukiufungua katikati ya msimu, Mwitaji huacha kusoma kwa dakika kumi na mbili, mpaka vituo vitatu vya mikoa jirani vilinganishe picha ya zamani na mpya na kuridhika kwamba hakuna aliyependelewa. Waliokwisha kuitwa huendelea kuhudumiwa. Mwingine yeyote haitwi. Bonde zima.

Sasa kosa langu. Novemba ile Hamidu alikuwa analalamika kwamba majina hayasomeki. Nikamwambia, "Vaa miwani." Akasema mtangazaji wa hali ya hewa mwenye miwani anaonekana kama mwalimu wa hesabu, watoto watabadilisha chaneli. Nilicheka sana. Nikazipandisha herufi kutoka kumi na nane kwenda ishirini na nne ili mzee asiumbuke, tukafunga mpangilio, tukaenda kula chipsi. Programu ya rada ina adabu zake: majina mawili yakigongana, linabaki la mji mkubwa, dogo linafichwa lisiharibu picha. Linafichwa pamoja na nukta yake. Kwenye orodha tiki inabaki palepale, ya kijani, nzuri. Mimi nilikagua orodha. Picha yenyewe sikuikagua. Mtu wa picha, miaka tisa kazini, nimekagua karatasi!

"Mwanangu, upo?" mama akauliza.

"Nipo, mama. Ni kweli. Hampo." Nilitamani ardhi ipasuke. "Wakusanye watu wote shuleni, na wazee, na wagonjwa. Wasibebe vitu. Sijui nitafanya nini, lakini wakusanye."

"Kutembea mpaka mlimani ni saa mbili, kwa tope hili. Na nina wajawazito watatu."

"Najua. Wakusanye."

Hakunitukana. Alikata simu tu, na ningefurahi kama angenitukana.

Nikapiga hesabu kwenye kiganja. Wimbi la mto lingefika Lukwale baada ya dakika hamsini. Dakika kumi na mbili za Mwitaji, ishirini za mabasi njiani, zilibaki kumi na nane za kupakia watu mia sita na kutoka. Kila dakika niliyokaa nikijishika kichwa ilikuwa inawatoka wao.

*

Kufungua mpangilio kunataka vidole gumba viwili: cha mpanga majina na cha mtangazaji. Nikamwashia Hamidu taa ya dharura. Akatupia tangazo la sabuni, akaja mbio chumbani kwangu akijifuta jasho.

"Nini tena? Nina watu milioni nane wananitazama."

"Laki mbili," nikasema. "Hamidu, Lukwale haipo kwenye picha. Itongwa imeifunika. Ni zile herufi."

Ilimchukua muda kuelewa. Kisha akakaa kwenye kiti changu, akautazama ule mkia mweupe wa jina kwa kusogeza uso karibu, kama afanyavyo siku zote, na sote wawili tuliona anavyosogeza uso.

"Herufi zangu," akasema.

"Herufi zako, mkono wangu. Tutagombana kesho. Nataka kidole chako."

"Ngoja kwanza." Akaonyesha juu, kaskazini, chini ya mlima. "Unaiona hii? Wingu hili linakwenda Mbangala. Linaweza kufika baada ya dakika tano, linaweza kufika baada ya nusu saa, sijui, hata rada haijui. Mbangala si kama Lukwale, maji yanashuka kutoka mlimani kwa kishindo. Wakiitwa wana dakika ishirini na tano tu. Ukiwapunguzia kumi na mbili... Watu elfu nne, Tuli."

"Najua."

"Tusubiri Mbangala iitwe, halafu tufungue."

"Na baada ya Mbangala kitakuja kijiji cha Sisi kwa Sisi, na baada ya hapo Mikoroshini. Siku zote kuna mwingine nyuma. Tukisubiri, Lukwale wanakufa kwa uhakika. Tukifungua, Mbangala wanaweza kupona."

"Wanaweza."

"Wanaweza."

"Mama yangu anaishi Mbangala," akasema Hamidu.

Nilijua. Nimewahi kula kwake, alinipa kuku mzima nirudi naye. Nilichosema ni kwamba sisi wawili tuliwatoa watu mia sita kwenye picha kwa sababu ya miwani, na sasa tulikuwa tumekaa tunawapima kwenye mizani kama nyanya. Sauti yangu ilikuwa juu kuliko nilivyokusudia. Tangazo la sabuni lilikuwa linakwisha.

Hamidu akavuta mtoto wa meza, akatoa miwani yake ya kusomea ambayo huificha kwangu, akaivaa.

"Nafungua," akasema, "lakini nawaambia watu. Kila kitu. Sheria inasema hakuna wa kujua peke yake. Basi wajue wote kwamba mashine haioni."

"Wataogopa."

"Waogope mapema. Mbangala wana miguu." Akabonyeza kidole. Nami nikaweka changu kando ya chake.

*

Nilirudisha herufi kumi na nane. Majina yote yakasinyaa kidogo, na pale kando ya mto ikachomoza Lukwale, nyembamba, na nukta yake. Wakati huohuo pembe ya skrini ikawa ya kijivu na saa ikaanza kurudi nyuma kutoka dakika kumi na mbili.

Hamidu alikuwa tayari mbele ya kamera, na miwani.

"Ndugu zangu, nisikilizeni, sitarudia mara nyingi. Kuanzia sasa kwa dakika kumi na mbili Mwitaji hawaiti. Mabasi ya waliokwisha kuitwa yanaendelea. Wengine msisubiri king'ora, hakitalia. Mbangala, nasema na ninyi. Mimi nitasoma rada kwa mdomo wangu. Nikisema tokeni, tokeni. Na kila anayenisikia, ampigie mtu mmoja wa Mbangala sasa hivi. Kama humjui mtu wa Mbangala, mpigie anayemjua."

Kisha akasimulia sababu. Alisema yeye ndiye aliyetaka herufi kubwa, kwa kuwa haoni na anaona haya. Nilivumilia mpaka hapo, halafu nikashindwa. Nikatoka nyuma ya kioo, na kilemba changu kimekaa upande, na makombo ya karanga kifuani, nikaingia kwenye picha. Nilikuwa sijawahi kuingia kwenye picha maishani mwangu.

"Mimi ni Tulinagwe Mwaisumo, ndiye ninayepanga majina. Nilikagua orodha, sikukagua picha. Watu wa Lukwale, kosa ni langu. Kaeni shuleni, mabasi yanakuja." Kisha nikakimbia kurudi kwenye mitambo, maana hakuna aliyekuwa anaishika.

Simu zikaanza. Nilizipokea tatu kwa mpigo, nikiandika nyuma ya bahasha. Mwanamke wa Mikoroshini, dada yake ameolewa Mbangala, anasema wameshatoka. Padri mmoja, anauliza apige kengele ya ibada au ya msiba, nikamwambia, "Baba, piga zote!" Kijana wa bodaboda, wenzake kumi na watano wamekwisha kupanga foleni hospitali ndogo ya Mbangala kubeba wagonjwa. Mtu mmoja alipiga kuniambia mimi ni mshenzi na nifungwe, na alipomaliza akasema shemeji zake wa Mbangala hawapokei simu, nifanyeje. Nikachukua jina la mtaa wao nikampa wa bodaboda.

Dakika ya nne, wingu likageuka. Niliona kwenye rada ghafi kabla Hamidu hajasema: wekundu mzito ulitanuka juu ya Mbangala, na jina lao likakaa ndani yake, kimya, halikuwaka.

"Mbangala, tokeni," alisema Hamidu. Sauti haikupanda. "Tokeni sasa, pandeni upande wa kanisa, msipite darajani. Mama, kama unanitazama, zima hiyo televisheni utoke."

Dakika nane zilizofuata sizitamani tena. Alikuwa anasoma mvua mtaa kwa mtaa, na mimi nilikuwa nampa kwa maandishi kile watu walichoniambia kwenye simu: sokoni pametoka, shule imetoka, mtaa wa viwanda bado, mpigieni mtu wa mtaa wa viwanda. Naye anatangaza, na baada ya dakika simu inalia: mtaa wa viwanda tunatoka. Mashine tuliyoijenga ili tusilazimike kuaminiana ilikuwa imelala, na watu walikuwa wanaitana majina wenyewe. Nilikuwa nalia na kuandika. Siwezi kusema ilikuwa furaha, lakini haikuwa hofu peke yake.

Saa ikafika sifuri. Kijivu kikaondoka. Majina mawili yakawaka kwa pamoja, Mbangala na Lukwale, na kituoni Itongwa mabasi ishirini na mawili yakatoka.

*

Mabasi ya Mbangala yalipofika yaliwakuta watu wengi barabarani, kule juu kwenye kanisa, wamelowa, wakiulizana nani hayupo. Mama yake Hamidu alikuwa miongoni mwao, amebeba televisheni. Nyumba mia moja na arobaini zilikwenda na maji, na ng'ombe wasiohesabika. Mzee mmoja, Kalonga, aliteleza kwenye ngazi za kanisa akavunjika nyonga. Lawama ya huyo ni yangu. Kama angeitwa na Mwitaji angepata dakika za kutosha kupanda polepole. Nilikwenda kumwona hospitali, na aliponiona akasema, "Ndiye wewe uliyenivunja nyonga," nikasema ndiyo, akaniambia nivute kiti basi nisisimame kama mpangaji anayedaiwa kodi.

Lukwale, mabasi yaliwakuta shuleni wote mia sita na kumi na wawili. Basi la mwisho liliondoka maji yakiwa kwenye magurudumu.

Kamati ya Picha, inayosimamia sheria ile, ilikaa siku mbili. Ilinizuia kufunga mpangilio msimu mmoja. Nafanya kazi chini ya macho ya mtu mwingine, na ni sawa. Ikaamua vilevile kwamba kuanzia mwaka huu mashahidi wa kufunga hawatatoka ofisi za mjini tu. Wa kwanza aliyeitwa ni Bi Stamili Likangaga.

Alikuja Novemba asubuhi, mwanamke mfupi, kitenge cha bluu, mkoba ameukumbatia kifuani. Nilimwamkia, nikaanza tena kuomba radhi, akanikatisha kwa mkono. "Ulishaniomba kwenye televisheni, mbele ya wakwe zangu. Inatosha. Nionyeshe."

Nikamwonyesha. Herufi kumi na nane, mto, Itongwa, na kando yake Lukwale. Alilitazama jina muda mrefu. Akaligusa kwenye kioo kwa ncha ya kidole, akacheka peke yake kidogo, na mimi nikashika kalamu ili asaini, kwa sababu nilidhani tumemaliza.

"Na sisi," akasema, "tumemfunika nani?"

Nikafungua mdomo kumjibu kwamba hakuna. Nilikuwa na orodha mkononi, tiki zote za kijani. Nikaiweka chini.

"Sijui, mama."

"Basi tuangalie."

Nikazima majina yote. Bonde likabaki tupu, mto na njia na mapaa madogo madogo. Nikasogeza pale jina lake lilipokuwa limekaa sekunde chache zilizopita. Chini yake, kwenye kona ya mto, kulikuwa na mapaa kumi na moja ambayo hayakuwa kwenye orodha yoyote.

"Aa, hawa nawajua," alisema Bi Stamili, amesogea mpaka pumzi yake inagusa kioo. "Wachoma matofali. Wapo hapo mwaka wa tatu. Hata siku ile walikuja wenyewe shuleni, tuliwapandisha na sisi. Waandike."

Nikaweka vidole kwenye kibodi. "Panaitwaje?"

Akafikiri. Niliona uso wake ukibadilika.

"Sijawahi kuwauliza," akasema, na akafungua mkoba kutafuta simu.